Filamu ya Dakika Tano: Watu Sita, Simu Moja na Siri ya Mtu

Leo tuzungumzie jambo ambalo vijana wengi wa Songea huniuliza ninapotembelea shule zao: tunawezaje kutengeneza filamu yetu wenyewe? Sizungumzii zile filamu ndefu za sehemu ya kwanza na ya pili, zenye majumba ya kifahari na magari ya kuazima. Nazungumzia filamu fupi ya dakika tano hivi, inayotengenezwa na wanafunzi wachache wa klabu ya afya, tena kwa simu moja tu.

Lakini kabla hujakimbilia kamera, ngoja nikusimulie kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nikisaidia klabu ya shule moja ya sekondari hapa mjini. Vijana sita, wenye moto kweli kweli. Waliandika hadithi ya msichana wa kidato cha pili aliyepewa mimba na dereva wa bodaboda. Jina la msichana walilibadilisha. Tukapiga picha Jumamosi mbili, tukahariri, tukaonyesha bwaloni. Mwanzoni watu walicheka na kupiga makofi. Halafu nikaona vichwa vinageuka, vyote upande mmoja. Nyumba yenye bati jekundu karibu na kisima, bibi anayeuza maandazi, sweta lililochanika kiwiko: kila mtu alishajua ni nani anayesemwa. Na mwenyewe alikuwa amekaa humo humo bwaloni, safu ya tatu kutoka nyuma. Alikuwa amerudi shule muda mfupi tu baada ya kujifungua. Akanyanyuka taratibu, akatoka. Wiki mbili hakuonekana darasani.

Hakuna aliyekusudia kumuumiza. Vijana walitaka kuwaonya wenzao, basi. Na mimi mtu mzima niliusoma mswada ule mara tatu, nikasahihisha hata nukta na mkato, lakini sikuuliza swali moja la maana: "Hadithi hii ni ya nani?"

Ndiyo maana leo nakupa hatua za kutengeneza filamu, na katika kila hatua utaona namna ya kumlinda mtu.

Hatua ya 1: Hadithi kwanza, kamera baadaye

Dakika tano ni chache. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa mswada ni sawa na dakika moja ya filamu, kwa hiyo unahitaji kurasa tano tu. Hapo huwezi kuweka mimba, UKIMWI, bangi na mama wa kambo kwa pamoja. Chagua swali moja. Kwa mfano: Kwa nini aliogopa kumwambia mama yake? Au: Rafiki yake alijua, mbona alikaa kimya?

Kisha onyesha, usihubiri. Tuseme mada ni malaria. Wengi humweka mwalimu mbele ya ubao aeleze dakika tatu nzima faida ya kulala ndani ya chandarua. Watazamaji wanapiga miayo! Wewe onyesha chandarua kipya kimefunikwa juu ya bustani ya mchicha, kisha onyesha mtoto anatetemeka kitandani. Hujasema neno, na somo limeeleweka. Filamu fupi ya Kitanzania iitwayo Chumo, ya mwaka 2011, ilifanya kitu cha namna hiyo: somo la malaria kwa mama mjamzito limebebwa ndani ya hadithi ya mapenzi. Mtu anatazama kwa sababu anataka kujua wapenzi wale wataishia wapi, na somo analipata humo humo.

Sasa, kumlinda mtu. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi, hasa kwenye mji kama wetu ambapo wa Lizaboni anamjua shangazi wa mtu wa Bombambili. Badilisha mtaa, familia, kazi ya mzazi, nguo, hata namna mambo yalivyotokea. Changanya visa vya watu watatu vizae mtu mmoja mpya. Mkimaliza, wapeni mswada watu wawili wasio wa klabu, mmoja awe mwalimu mlezi. Waulizeni: "Umemtambua mtu humu?" Wakisita tu, rudini mezani.

Hatua ya 2: Mwisho wa hadithi uwe wa kweli

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Msichana akipata mimba, mwisho wake ni kulia dirishani au kufa. Mwenye virusi vya UKIMWI anakohoa kwenye mkeka mpaka anazikwa. Mnadhani kutisha ndiyo kufundisha. Lakini aliyetishwa huwa anajificha, haendi kupima wala haombi msaada.

Halafu mambo hayako hivyo tena. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Kuhusu UKIMWI, mtu anayetumia dawa za ARV kila siku kama alivyoelekezwa anaweza kuishi miaka mingi. Na virusi vikipungua mwilini mpaka kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila kusubiri idhini ya mzazi.

Kwa hiyo filamu inayomwambia mtazamaji "ndiyo basi, maisha yameisha" inamdanganya. Mhusika wako apate tabu, sawa, maana tabu zipo. Ila mwachie kesho yake.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi

Watu sita wanatosha kabisa. Awepo mtunzi wa mswada, mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na mhariri. Wa sita ni mtunza kumbukumbu, anayeandika kila kipande kilichopigwa: nani alivaa nini, kikombe kilikuwa mkono gani. Usimdharau huyu! Bila yeye, mhusika anaingia mlangoni na sweta na kutokea chumbani na fulana, na bwalo zima linacheka pale mlipotaka lilie.

Waigizaji watoke miongoni mwenu na kwa marafiki. Kila mtu atataka kuwa steringi, hilo nakuhakikishia. Basi fanyeni majaribio ya wazi, asichaguliwe mtu kwa ushikaji. Na jamani, wasichana wasiachiwe kazi ya kuchemsha chai na kutunza nguo tu. Naye ashike kamera, naye aongoze.

Mnaona watu sita ni wachache na simu moja ni umaskini? Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey alitengeneza filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010. Waigizaji walikuwa majirani zake, na bunduki ziliundwa kwa mbao na vyuma chakavu. Leo inatazamwa duniani kote. Hapa kwetu, Amil Shivji alitoa filamu fupi ya Shoeshine mwaka 2013. Mwaka 2021 filamu yake ndefu, Vuta N'kuvute, ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la Toronto, Kanada. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya 4: Ombeni ruhusa

Simu shuleni ni kasheshe, unajua mwenyewe. Usiiingize kwa kuificha kwenye begi. Mwombe mwalimu mlezi atumie simu yake, au mfanye kazi hii wakati wa likizo, mzazi mmoja akiwa anajua. Mkuu wa shule ajue. Mwigizaji ambaye hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi wake akubali kwa maandishi. Na kama mnataka kuionyesha filamu nje ya shule, kumbukeni kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kuna Bodi ya Filamu inayotoa vibali. Muulizeni afisa utamaduni wa manispaa, atawaelekeza pa kuanzia.

Mkipiga picha zahanati, ombeni siku ambayo hakuna wagonjwa, au geuzeni darasa liwe zahanati: meza, shuka jeupe na bango la chanjo, basi. Mgonjwa halisi asionekane hata kwa nyuma. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Kumwonyesha kwenye foleni ya ARV ni sawa na kuitangaza.

Hatua ya 5: Siku ya kupiga picha

• Mwanga: Pigeni picha asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Jua la saa sita huweka kivuli kizito machoni. Mwigizaji asikae na mgongo dirishani, atageuka kivuli cheusi.

• Simu: Ishike kwa ulalo, siyo wima. Zima mtandao ili isiite katikati. Kama hamna stendi, iegemezeni kwenye tofali au rundo la madaftari. Pigeni kila tukio kwa mbali kwanza, kisha kwa karibu.

• Sauti: Hapa ndipo filamu nyingi za wanafunzi zinapokufa. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno anaondoka. Mkipata simu ya pili, iwekeni karibu na mwigizaji, imefichwa chini ya khanga, irekodi sauti tu. Mwanzo wa kila kipande mmoja apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo litamsaidia mhariri kuoanisha picha na sauti.

• Hali ya hewa: Msipange matukio ya ndani wakati wa masika. Mvua ya Songea ikishuka kwenye bati, hata ukipiga kelele husikiki. Upepo ukivuma, funikeni kinasa sauti kwa soksi laini.

• Matukio mazito: Msiigize kipigo cha kweli. Kama tukio linahusu ubakaji, onyesheni mlango unafungwa, basi. Na muulizeni mwigizaji kabla: "Unaliweza hili?" Huenda yamemkuta naye, na ninyi hamjui.

Hatua ya 6: Kuhariri na kuonyesha

Programu za kuhariri za bure zipo hata kwenye simu. Siri yake ni kukata. Kipande ulichokipenda sana, kama hakisogezi hadithi, kitoe. Muziki msichukue wimbo wa msanii bila ruhusa, maana hakimiliki inalindwa kwa sheria ya mwaka 1999. Shule yenu ina kwaya na ina wapiga ngoma, sivyo? Rekodini ngoma ya lizombe yenu wenyewe.

Kabla ya kuonyesha kwa watu wengi, onyesheni kwa wachache. Na msirushe kwenye WhatsApp usiku ule ule kwa furaha. Filamu ikishasambaa hairudi, na maji yakimwagika hayazoleki. Siku ya maonyesho awepo mwalimu wa malezi au mhudumu wa afya, na baada ya filamu watu wakae waongee. Dakika tano za filamu, nusu saa ya mazungumzo.

Na yule msichana?

Nilikwenda kwao na mwalimu mlezi. Tulimwomba radhi, yeye na bibi yake. Bahati nzuri filamu ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na tuliifuta mbele yake. Nilidhani atatufukuza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Dada, ile karatasi mliyoandika mnayo?" Nikampa mswada. Akausoma wote, akachukua kalamu na kukata sehemu moja: pale msichana anapolia dirishani.

"Mimi sikulia," akasema. "Nilikuwa na njaa. Na nilikuwa naogopa mtihani wa hesabu."

Sisi tulioandika na kusahihisha na kupiga picha, hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Jumatatu alirudi darasani. Muhula uliofuata klabu iliandika hadithi mpya, ya msichana mwingine kabisa, wa mtaa mwingine, anayebeba daftari la hesabu kwenye mfuko mmoja na nepi za mtoto. Mswada ulipita mikononi mwake kwanza. Jina lake halikuwekwa mwishoni mwa filamu, kwa sababu hakutaka. Ni haki yake.

Basi, mdogo wangu, kusanya wenzako watano, andikeni kurasa tano. Lakini usiku ule kabla ya kuwasha kamera, jiulize: hadithi hii ni ya nani, na kesho asubuhi ataweza kuingia darasani?

Kumbuka: Kama wewe au rafiki yako mnapitia unyanyasaji au tatizo zito, pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.