Je, Wajua? Pini Zimehamia Kwenye Ubao Mama
Prosesa ya AMD ya soketi AM4 ina pini 1331 tumboni mwake. Ilipokuja AM5 mwaka 2022, pini zilihamia kwenye ubao mama: visindano 1718 vyembamba mno, vilivyopindwa kidogo kama springi. Kimoja tu kikikunjwa na kidole, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Ukinunua ubao uliotumika, ondoa kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu, tazama safu za pini kwa ubavu. Iliyokunjwa humeta tofauti na wenzake.

Na RAM yako ya zamani? AM5 hupokea RAM ya aina ya DDR5 tu. DDR4, aina iliyotangulia, nayo ina meno 288 sawa na DDR5, ila pengo lake limekaa mahali pengine. Haiingii, usiilazimishe.