Kabla Hujaomba Njia Tatu, Tazama Nguzo

Mwenye karakana ya mbao kule Unga Limited, Arusha, akishanunua randa ya pili na msumeno mkubwa, mtaani atapewa ushauri uleule: "Vuta njia tatu, umeme wako mdogo." Ushauri si mbaya, ila umeacha nusu ya habari. Mafundi wengi hudhani TANESCO wakishafunga mita mpya kazi imekwisha, kumbe sehemu inayounguza mota iko ndani ya karakana yenyewe, upande wa mteja.

Umeme wa njia moja huja na waya mmoja wa moto na nyutro, volti 230. Wa njia tatu huja na nyaya tatu za moto, yaani fezi tatu, na nyutro. Ukipima waya wowote wa moto na nyutro utapata volti 230 zilezile. Ukipima waya wa moto kwa mwenzake utapata 400. Mawimbi ya nyaya hizo tatu hayapandi kwa pamoja. Yanapokezana kama wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukiinuka ule unashuka, na mota haipati nafasi ya kulegea. Kwa hiyo mota ya njia tatu huanza kuzunguka bila kapasita, na hutetemeka kidogo kuliko ya njia moja. Uwezo wa umeme wa njia tatu ulithibitishwa mbele ya dunia mwaka 1891, pale Mikhail Dolivo-Dobrowolsky na wenzake walipousafirisha kilomita 175 kutoka Lauffen hadi Frankfurt, Ujerumani.

Chukua mota ya HP 10 ya kusaga. Kwa njia moja ingevuta zaidi ya ampea 40. Kwa njia tatu inavuta kama 14 katika kila waya. Wakati wa kuwaka huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho kwa sekunde chache, na hapo ndipo taa za majirani hufifia na lawama huanza.

Sasa nguzo. Mkoa wa Arusha unapitiwa na laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kwenda Isinya, Kenya, kupitia kituo cha Lemugur, na bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Habari njema, lakini mwenye mashine anaishi mwisho wa laini. Maeneo ya viwanda kama Njiro na Themi njia tatu zinapita mlangoni. Ukipanda mteremko wa Meru, kule kwenye migomba na kahawa, inua macho kwanza: kama laini ya msongo mkubwa ina nyaya mbili tu, transfoma yenu ni ya njia moja. Kuongeza waya wa tatu ni mradi wa nguzo kwa nguzo, na fomu ya maombi peke yake haiushushi kutoka mbinguni.

Kwa mashine ndogo, hadi kama HP 3, kuna njia ya kati: invata ya mota. Inaingiza volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu za volti 230. Hapo sharti usome kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota hiyo huungwa delta kwa volti 230 na nyota kwa volti 400. Fundi akiiunga delta kwenye volti 400, itanuka ndani ya dakika chache na utakuwa umemtafutia msuka mota riziki. Iliyoandikwa 400/690 ndiyo inayoungwa delta kwenye umeme wetu, na ndiyo inayofaa stata ya nyota-delta. Jihadhari pia na mashine za mtumba kutoka Japani: nyingi ni za njia tatu kweli, lakini za volti 200, na zinahitaji transfoma ya kushusha.

Njia tatu zikishafika, gawa mzigo. Nimeona ubao ambao taa, friji, kompyuta na mashine za kuchomelea karibu zote ziko kwenye fezi moja, nyingine mbili zina mzigo mdogo tu. Ukiwa na mgawanyo huo, siku nyutro ikilegea kwenye kiungo, vifaa vya fezi yenye mzigo mdogo vinaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Huo ndio moto wa friji na televisheni ambao watu husingizia radi.

Kuna ugonjwa mwingine wa kimya kimya. Mti unaangukia laini, fyuzi moja inakatika, mota iliyokuwa ikizunguka inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili. Inanguruma tofauti kidogo, inavuta ampea nyingi kupita kiasi, inachemka. Anayesimama karibu na mashine ya kusaga hasikii chochote. Rilei ya kulinda fezi huikata ndani ya sekunde chache, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kusuka mota upya. Rilei nzuri hukamata pia mpangilio uliogeuzwa: mafundi wa laini wakigeuza nafasi za nyaya mbili wakati wa matengenezo, pampu itazunguka kinyumenyume.

Fundi wako awe na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati, na muulize kama daraja lake linamruhusu kufunga njia tatu, madaraja hayafanani.

Kuhusu bili, uniti ni uniti. Kundi la bei la T1 linachukua wateja wa volti 230 na wa 400, kwa hiyo njia tatu peke yake haipunguzi wala haiongezi bei. Mambo hubadilika matumizi yakizidi wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi na kuingia T2. Huko bei ya uniti hushuka, lakini unalipia pia kilele cha mahitaji yako kwa kVA. Mota kubwa inayozunguka bila mzigo hupandisha kVA pasipo kusaga hata debe moja. Kapasita za kurekebisha hupunguza hilo. Ratiba nayo husaidia, maana saa moja ya kuendesha kila mashine kwa pamoja inatosha kuandika kilele utakachokilipia mwezi mzima.