Pelingi ya saluni na uso wa mama

Wamama wengi waliopita miaka 40 wanauliza: je, ile pelingi ya saluni inarudisha kweli ujana wa uso? Mimi najibu: inategemea ni nini kiko ndani ya chupa, na ni nani anayekipaka.

Tujue kwanza ngozi yetu. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, nayo inazuia sehemu ya mionzi ya jua. Kwa hiyo makunyanzi yanachelewa kwetu. Kinachotangulia ni madoa ya mashavuni na kwenye paji, yanayoletwa na jua, mimba au chunusi za zamani. Na hapo ndipo mwenye kuuza kreme anatupata.

Kwa daktari wa ngozi, pelingi ni asidi, kwa mfano ya glikoliki, inayopakwa dakika chache ili tabaka la juu lililochakaa litoke. Anaanza na nguvu ndogo, anangoja wiki kadhaa, anarudia. Asidi kali ikipakwa na mtu asiyejua inaunguza, na kovu la ngozi nyeusi linaweza kuwa jeusi kuliko doa la kwanza. Sindano ya botoksi nayo inalegeza misuli ya paji kwa miezi 3 au 4 tu, kisha unalipa tena. Madoa haiyagusi. Hiyo tuwaachie wenye mali!

Lakini mara nyingi kinachoitwa pelingi ni mchanganyiko uliokorogwa nyuma ya pazia, ndani ya kopo lisilo na maandishi. Humo wanaweza kutia klobetasoli, dawa kali ya magonjwa ya ngozi. Juma la kwanza uso unang'aa, majirani wanasifu. Ukiendelea miezi na miezi, ngozi inakonda, mishipa inaonekana, inachubuka kwa kuguswa kidogo. Yaani unanunua uzee kwa pesa ya minervali ya watoto. Na mama aliyejipaka hivyo mwili mzima, siku akijifungua kwa kupasuliwa, kidonda kinaweza kuchelewa kupona, hata kufumuka.

Hidrokinoni nayo inafifisha madoa mwanzoni. Ikitumiwa miaka mingi inaweza kuacha rangi ya bluu-nyeusi mashavuni, ngumu sana kutoka. Zebaki inaharibu figo, na inamfikia mtoto tumboni. Jirani zetu wa Rwanda walikataza kreme zenye vitu hivyo viwili, na mwishoni mwa 2018 walianza kuzitoa madukani.

Basi kabla ya kulipa, omba kuona tube yenyewe. Ukisoma hydroquinone, clobetasol, bétaméthasone au mercure, chukua kitenge chako uondoke. Wakikataa kukuonyesha, ondoka pia. Kinachosaidia kweli hakina sifa kubwa: kofia pana au mwavuli sokoni na shambani, kreme ya kuzuia jua yenye namba 30 au zaidi, mafuta rahisi jioni, na kutosugua uso kwa sabuni kali.

Kama umekwisha kuzoea kreme ya klobetasoli, usiiache ghafla, maana uso unaweza kuvimba na kuwaka moto. Beba tube yako kituo cha afya. Muganga atakuonyesha namna ya kuipunguza pole pole. Na kama una mimba, mwambie mara moja.