Kiduha ni Kupe wa Mtama

Mwaka mmoja niliitwa na kijana wa Mwamanyili, katika Mkoa wa Simiyu. Alitaka nikatazame shamba lake la mahindi na mtama. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri wiki ile. Udongo ulikuwa bado na maji. Lakini mahindi yake yalikuwa yamenyauka kama ya wakati wa kiangazi. Majani yalikuwa ya njano, na mengine yameanza kukauka. Mtama ulikuwa umefika magotini tu, ukakaa hapo hapo.

Ng'ambo ya njia palikuwa na shamba la bibi mmoja mzee. Mtama wake ulikuwa umesimama vizuri, majani yake ya kijani kibichi.

"Bwana shamba," kijana aliniambia, "hii siyo kazi ya jua. Hii ni kazi ya mtu."

Hakutaja jina, ila alitazama ng'ambo ya njia. Baba yake alikuwa amesimama karibu nasi, naye akanyamaza. Hapo niliogopa. Sisi tunaoishi Usukumani tunajua kwamba maneno ya namna hiyo yakianza, yanaweza kumfikisha mzee wa watu pabaya.

Nikaomba jembe na ndoo ya maji. Nikachimba shina moja la mahindi polepole, pamoja na udongo wake. Nikaosha mizizi ndani ya ndoo. Tukaona vitu vyeupe, laini, vimejishika kwenye mizizi ya mahindi. Kila kimoja kilikuwa na kichwa kama punje ndogo, na kikonyo kinachoelekea juu. Nikachimba shina la pili, kisha shina la mtama. Kote tulikuta hali ile ile.

"Mtu wenu ni huyu," nikasema.

Kilikuwa kiduha.

Kinavyokula chini ya ardhi

Kiduha tunakijua sote. Ni gugu lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau au waridi, na watoto huyachuma kwa kuchezea. Lakini wengi wetu tunadhani kwamba kiduha huanza kuharibu siku kinapochomoza. Hapana. Kinapochomoza, kimekwisha kula wiki nyingi.

Kiduha ni kama kupe. Kupe hana malisho yake, anaishi kwa damu ya ng'ombe. Kiduha nacho hakina mizizi ya kujitegemea. Kinajishika kwenye mzizi wa mtama, mahindi au uwele, na kinanyonya maji na chakula ambacho mmea umejitafutia. Tena kinauharibu mmea hata usikue sawasawa. Ndiyo maana mahindi hunyauka wakati udongo una maji. Maji yapo, lakini mwingine anayanywa.

Mbegu zake ni ndogo kama ugoro. Ukizimwaga kiganjani na ukapumua, zinaruka. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 50,000, au zaidi. Mbegu hizo hukaa ardhini zikingoja, hata miaka 10 na kuzidi. Mvua peke yake haiziotesi. Zinangoja harufu. Mizizi ya mtama au mahindi inapokua hutoa dawa kidogo sana katika udongo. Mbegu ya kiduha iliyo karibu ikiipata dawa hiyo, inajua kwamba chakula kimefika. Inaota, inatafuta mzizi na kujishika. Isipoupata mzizi huo ndani ya siku chache, inakufa, kwa sababu haina akiba ya chakula.

Soma tena maneno hayo ya mwisho, ndugu mkulima, maana silaha yetu imo humo.

Bibi na mabati yake

Siku ile nilimwomba kijana na baba yake tuvuke njia. Tukamkuta bibi amekaa chini ya mti, akichambua choroko. Kijana alisita kidogo, kisha akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni."

Nikamwuliza alikuwa amelima nini katika shamba lile miaka iliyopita. Akahesabu kwa vidole. Miaka miwili alilima pamba, kwa sababu alitaka fedha za kununua mabati ya nyumba. Mwaka wa tatu akapanda choroko. Mtama alikuwa ameurudisha mwaka ule tu, na kabla ya kuupanda alimwaga samadi kutoka zizi la mwanawe.

"Na kiduha, bibi?"

"Kipo kidogo. Zamani kilikuwa kingi, nikakata tamaa na mtama. Ndiyo maana nikalima pamba."

Bibi yule alikuwa amefanya kazi ya wataalamu bila kujua. Mizizi ya pamba hutoa dawa ile ile inayoamsha mbegu za kiduha. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani waliipata dawa hiyo kwa mara ya kwanza, na waliitoa katika mizizi ya pamba. Lakini kiduha hakiwezi kujishika kwenye mzizi wa pamba. Mbegu inadanganywa. Inaota, inakosa chakula, inakufa. Choroko, karanga, alizeti na kunde pia hukidanganya kiduha. (Kunde zina kupe wao wenyewe, mwenye maua ya manjano, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Baba wa kijana alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali zuri. "Bwana shamba, hata mimi hulima pamba. Mbona kiduha hakiishi?"

Tukaenda kuitazama pamba yake. Jibu tulilikuta humo shambani.

Pamba chafu hailipi mara mbili

Katikati ya mistari ya pamba palikuwa na mahindi, amechomeka shina hapa na shina pale ili apate mahindi ya kuchoma. Palikuwa pia na mtama uliojiotea wenyewe kutokana na masuke ya mwaka uliopita. Na palikuwa na nyasi nyingi. Mtama huo na mahindi hayo ni chakula cha kiduha. Baadhi ya nyasi pia ni chakula chake. Pamba ilikuwa inaamsha mbegu za kiduha, halafu mahindi yanazilisha. Kiduha kikakomaa na kumwaga mbegu mpya katika shamba lile lile ambalo lingekimaliza.

Kwa hiyo palizi la pamba lina faida mbili. Faida ya kwanza ni pamba yenyewe. Mche wa pamba hukua polepole mwanzoni, na nyasi humzidi mbio. Ukingoja nyasi zifike magotini, vitumba vimekwisha pungua, na palizi la kuchelewa halivirudishi. Palilia mara ya kwanza wiki ya pili au ya tatu baada ya pamba kuota, halafu rudia kabla nyasi hazijarudi na nguvu. Faida ya pili ni ghala la mtama wa miaka inayokuja. Ng'oa kila shina la mahindi na la mtama lililomo ndani ya pamba. Najua mahindi ya kuchoma ni matamu. Yapandie mahali pengine.

Msimu mmoja wa pamba hautoshi. Mbegu ni nyingi mno, na nyingine zimelala mbali na mizizi. Miaka miwili au mitatu ya pamba na choroko ndiyo huonyesha tofauti. Sikuambii uache mtama kabisa, kwa maana watoto hawali pamba. Ligawe shamba. Sehemu moja lima nafaka, sehemu nyingine pamba, nyingine choroko au karanga, halafu zipokezane mwaka hata mwaka. Anza pamba mahali penye kiduha kingi.

Kosa langu

Kiduha kilichokwisha chomoza katika nafaka kisikatwe kwa jembe peke yake, kwa maana huchipua tena. King'oe kwa mkono, hasa baada ya mvua udongo ukiwa laini. King'oe mara kinapoanza kutoa maua. Usingoje maua yaishe. Maua ya chini hukomaa na kufanya mbegu wakati maua ya juu bado yanafunguka. Ukiona mmea unapendeza kwa maua, huenda mbegu za chini ziko tayari kupasuka.

Haya nayasema kwa aibu. Nilipokuwa kijana kazini, niliwaambia wakulima wang'oe kiduha na kukitupa njiani. Walinitii. Kilikuwa tayari na mbegu. Ng'ombe wakapita, mikokoteni ikapita, maji ya mvua yakapita. Mwaka uliofuata kiduha kilitokea katika mashamba ambayo hayakuwa nacho, yote kandokando ya njia ile. Siku hizi nasema: kusanya, anika mahali pamoja, choma moto. Wakulima wa pamba hatushindwi na kazi hiyo, maana kila mwaka tunang'oa na kuchoma maotea ya pamba kwa ajili ya wadudu.

Samadi husaidia sana, kwa sababu kiduha hupenda udongo uliochoka, hasa luseni yetu ya mchanga. Lakini samadi iwe imeoza vizuri. Ng'ombe aliyekula kiduha chenye mbegu huzitoa mbegu hizo katika mavi yake zikiwa hai. Na mbegu ya mtama usichukue katika shamba lenye kiduha, hata kama jirani anakupa bure.

Marekani walipigana nacho pia

Mwaka 1956 gugu la ukoo wa kiduha liligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, huko Marekani. Kwa Kiingereza jina lake maana yake ni gugu la mchawi, kwa hiyo si Wasukuma peke yao waliowaza uchawi. Lilienea katika ekari zaidi ya 400,000. Serikali ilizuia kuhamisha udongo na mazao kutoka huko. Mashine zilisafishwa kabla ya kutoka shambani. Kisha wakapiga gesi ndani ya udongo, gesi ya ethilini, ile inayotoka katika matunda yanayoiva. Gesi hiyo nayo huamsha mbegu za gugu hilo wakati hakuna mahindi ya kunyonya. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na sasa limebaki eneo dogo sana.

Sisi hatuna mashine za gesi. Tuna pamba, ambayo inafanya kazi hiyo hiyo na bado tunaiuza.

Ipo pia mitama inayovumilia kiduha. Mwaka 2002 hapa Tanzania zilipitishwa mbegu mbili, Hakika na Wahi. Asili yake ni kazi ya Gebisa Ejeta, mtaalamu kutoka Ethiopia, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Mizizi yake hutoa dawa kidogo tu ya kuamsha kiduha. Nchini Kenya, huko Mbita kando ya ziwa, walianzisha njia ya kupanda desmodi kati ya mistari ya mahindi. Ni njia nzuri. Lakini kwetu mifugo huachiwa mashamba baada ya mavuno, na desmodi ni malisho matamu. Asiye na ua asijisumbue nayo.

Ukitaka kujua habari za mbegu, mwulize bwana shamba wako au bibi shamba wako, au kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza.

Yule kijana aligawa shamba lake sehemu tatu. Mwaka wa kwanza nafaka haikutosha, na nyumba yake ilinunua mahindi kwa fedha ya pamba. Mkewe alinilaumu mbele ya watu, na sikuwa na la kujibu. Mwaka wa tatu mtama ulirudi pale palipokuwa na pamba, ukampita kimo. Kiduha hakijaisha. Nilipopita mara ya mwisho, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, naye alikuwa ameinama na watoto wake wanang'oa. Walikuwa wamemaliza upande wao, wamevuka njia, wanang'oa kwa bibi.