Reli ya kilometa 7 inakula wapi? Hesabu ya treni za posho na yenga

Wengi kati yetu tumemaliza masomo, diplome iko mukononi, tunatafuta mradi. Kila mara mutu mumoja anasema: "Tuchukue kitu cha zamani, tukifanye cha utalii, makuta itaingia." Inaweza kuingia, ndiyo. Lakini inaingia namna gani? Tuangalie mufano mumoja wa Marekani.

Reli ya Strasburg, katika jimbo la Pennsylvania, ilipewa kibali mwaka 1832. Ni fupi sana: karibu kilometa 7 tu, kutoka muji mudogo wa Strasburg mpaka Leaman Place, pale inaungana na reli kubwa. Kazi yake ilikuwa ya mizigo. Malori yakaja, mizigo ikapungua, na mwisho wa miaka ya 1950 wenyewe walitaka kuifunga. Bwana Henry K. Long akakusanya wapenzi wa treni, wote pamoja watu 24, wakainunua mwezi wa 11 mwaka 1958 kwa dola 18.000. Tarehe 4 Januari 1959 wakapeleka watalii wa kwanza, wakivutwa na mashini ndogo ya petroli. Treni ya mvuke ilianza mwaka 1960.

Sasa, juu ya nini treni za namna hii mingi zinatembea mwisho wa juma tu? Watu wengine wanafikiri ni uvivu. Hapana. Kwanza, wasafiri wako kazini siku zingine. Pili, mashini ya mvuke haiwashwi kama motokari: inaomba masaa mingi ya moto mbele ya kutembea, hata kama abiria ni kumi.

Tatu, kuna sheria. Mwaka 1995, kwenye reli ingine ya watalii ya Pennsylvania, ile ya Gettysburg, mayi ilishuka sana ndani ya boila. Chuma cha juu ya moto kikapasuka, wafanyakazi 3 wakaungua vibaya. Kisha pale serikali ikakaza kanuni, zikaanza mwaka 2000: boila ikifikisha siku 1.472 za kazi, ao miaka 15, lazima ifunguliwe yote na kupimwa upya. Kile kinachofika mbele njo kinahesabiwa. Fanyeni hesabu: mukiwasha kila siku, siku zile zinaisha kwa miaka 4. Mukiwasha siku 2 kwa juma, zinafika miaka 14. Na kufungua boila ni kazi ya makuta mingi sana. Kwa hiyo kupumzisha mashini ni kuchunga feza.

Lakini reli yenyewe haipumziki. Mbao za chini ya vyuma zinaoza, treni ipite ao isipite. Majani yanaota. Asiransi inalipwa. Njo maana tiketi peke yake ni musingi mwembamba. Strasburg wana mifuko mitatu: tiketi, mizigo (mpaka leo wanapokea vagoni kutoka reli kubwa), na atelye yao, ambayo inatengeneza mashini na vagoni za reli zingine. Mvua ikifukuza watalii siku ya yenga, atelye inafanya kazi kazi-moja.

Na mutalii analipa kuona nini? Hakuna muji mukubwa pale. Anaona mashamba ya Waamishi, wanaolima na farasi. Kule Leaman Place mashini inafunguliwa, inapita pembeni kwa njia ya pili, inafungwa upande mwingine, inarudi kinyumanyuma. Watu wanasimama kutazama. Ile kazi ya lazima imekuwa sehemu ya maonyesho.

Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kamina tunajua vizuri sauti ya treni, na tunajua reli isiyotunzwa inakuwa nini. Mukiandika mradi, musianze na picha nzuri ya vagoni. Anzeni na maswali matatu: ni gharama gani inabaki hata siku hakuna muteja? Ni ufundi gani tunaweza kuuzia wengine? Na nani kati yetu anajua kushika nyundo, si kalamu tu?

Swali hili la mwisho njo gumu. Wale watu 24 hawakununua reli tu. Walijifunza kuitengeneza.

Nyinyi munaona je? Tujadiliane.