Mizani ya kielektroniki: Wingi wa tarakimu si usahihi

KABLA korosho za mkulima wa kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, hazijauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, hupimwa uzito na unyevu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na vyombo vya kielektroniki: mizani yenye kuonyesha tarakimu na kifaa kidogo cha kupima unyevu.

Kwa waliowahi kuuza kwa kangomba, kipimo cha walanguzi kisichotambuliwa na sheria, tarakimu zinazowaka huonekana kama ukweli wenyewe. Hata hivyo, chombo huonyesha tarakimu hata pale kisipofaa kwa kazi iliyopo.

Swali la kwanza, kwa hiyo, si chombo gani kipo ghalani. Ni nini kinachotakiwa kujulikana, na kwa kosa lisilozidi kiasi gani?

Tuchukue gunia la kilo 80. Tuseme mizani ina uwezo wa kilo 300 na husogea kwa hatua za gramu 100. Kwa mujibu wa kanuni za OIML, shirika la kimataifa la upimaji wa kisheria lililoundwa mwaka 1955, mizani ya biashara ya namna hiyo inapohakikiwa kwa mara ya kwanza inaruhusiwa kukosea gramu 100, juu au chini, kwa uzito huo. Ikiwa kazini, kiasi hicho huwa gramu 200.

Mizani hiyo hiyo haifai kupimia sampuli ya kilo moja ya kukagua ubora. Kiwango chake cha chini ni hatua 20, yaani kilo 2. Sampuli inataka mizani ndogo yenye kuhesabu gramu, hata kama ile kubwa ndiyo ghali zaidi.

Mawe ya kuhakikia mizani nayo yana masharti. Kosa lake halipaswi kuzidi theluthi moja ya kosa linaloruhusiwa kwa mizani. Katika mfano wetu, takriban gramu 33. Jiwe la kilo 20 la daraja M3 laweza kukosea gramu 10. Mawe manne yanaweza kufikisha gramu 40, hivyo hayafai. Ya daraja M1, ambayo kosa lake ni gramu 1 kila moja, yanatosha kabisa.

Katika viwanda vya elektroniki na karakana za ndege, ulinganishaji huu hufanywa na kompyuta. Lugha ya ATLAS, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya vifaa vya ndege, ilimwezesha mhandisi kuandika mahitaji ya jaribio, kwa mfano volti ngapi na kwa usahihi gani, bila kutaja chombo. Programu ndiyo iliyotafuta chombo chenye uwezo huo. Ghalani hakuna programu ya namna hiyo. Kuna karani, na mara nyingi foleni ndefu.

Kifaa cha unyevu ndicho chenye mtego mkubwa zaidi. Hakioni maji. Hupima tabia ya umeme ya zao, kisha hukadiria unyevu kwa jedwali lililomo ndani yake. Kikiachwa kwenye jedwali la mahindi, kitatoa jibu la korosho kwa haraka ile ile, ila si jibu lake. Tena, ikiwa kikomo ni asilimia 10 na kifaa hukosea kwa asilimia 2 juu au chini, hakiwezi kutenganisha mzigo wa asilimia 9 na wa asilimia 11. Mmoja utaanikwa upya bila sababu. Mwingine utaingia ghalani, upungue uzito, na ugomvi wa unyaufu uanze.

Kosa la nusu kilo kwa gunia huonekana dogo. Kwa magunia 20 ni kilo 10. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi 30,000 za mkulima mmoja.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, ambao huibandika stika. Ubavuni mwa mizani huwapo pia kibao chenye uwezo wake wa juu, wa chini na ukubwa wa hatua. Mwenye gunia anaweza kukisoma, na kuangalia kama tarakimu zinaanzia sifuri, kabla mzigo wake haujapandishwa.