Kupunguza Uzito Bila Kulala Njaa

Tukitembelea manyumbani tunasikia neno hili: "Nikikonda watu watasema mimi ni mgonjwa." Basi mtu anavumilia magoti yanayouma na presha inayopanda, ili majirani wasimseme. Kumbe unene wa kupita kiasi ndio unaoweza kuleta ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Kupunguza mwili si kujinyima. Ukiruka chakula cha mchana, jioni unaweza kula kupita kiasi. Tuanze na mambo madogo ya kila siku.

Kwanza, chai. Hebu tuhesabu: vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni vijiko 12. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Kwa mwezi mtu mmoja amekunywa karibu kilo moja na nusu! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora tusipite gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita. Punguza kidogo kidogo kila juma, ulimi utazoea.

Pili, mafuta. Gramu moja ina kalori 9, ya wanga 4 tu. Pima kwa kijiko, usimimine.

Tatu, sahani. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, terere, kunde. Robo ugali, robo maharagwe au samaki.

Anayetumia dawa za sukari aulize kliniki kwanza. Na jamaa wote wale hivyo. Mama asipikiwe sufuria yake peke yake.